Kanisa Dogo la Mateka Kando ya Barabara ya Mai Mahiu

Msafiri atokaye Uganda kwenda pwani ya Kenya huizoea barabara moja. Huvuka mpaka Malaba, akapanda hadi Eldoret, akateremka Nakuru, akapita kando ya maziwa ya Nakuru, Elementaita na Naivasha, na kabla hajaikaribia Nairobi hukuta njia mbili zinazomtaka achague. Njia ya juu huanza kupanda mapema na kufuata nyanda za baridi hadi Limuru. Njia ya chini hubaki bondeni, ikapita chini ya Mlima Longonot wenye kimo cha mita 2,776, ikafika katika mji mdogo wa Mai Mahiu, ndipo ikaukwea ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona nyingi na kwa subira. Malori ya mizigo hupita chini. Wenye magari madogo na haraka nyingi hupita juu, na kwa hiyo wengi wao hawalijui jambo linalosimuliwa hapa.

Ilikuwa wakati wa likizo ya mwisho wa mwaka. Sajini mmoja wa polisi kutoka Jinja alikuwa safarini kwenda Mombasa pamoja na mkewe, binti yao wa darasa la sita, mdogo wake wa kiume, na baba mzazi wa sajini. Mzee huyo alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 80, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuiona bahari. Gari lao lilikuwa la zamani, lakini lilitunzwa vema. Mama watoto alikuwa amefunga chapati, mayai ya kuchemsha na chupa mbili za chai, kwa kuwa mtu mwenye familia hawezi kununua chakula cha njiani kila penye kituo asifilisike.

Walipofika kwenye njia panda, sajini alichagua njia ya chini kwa ajili ya watoto. Alitaka wauone mlima uliokuwa volkano zamani, na walione bonde ambalo mwalimu wao wa jiografia huwachorea ubaoni. Watoto walifurahi. Longonot ulisimama mkono wa kuume, ubavu wake umechanwa na mifereji ya mvua, na chini yake nyanda zilienea hadi macho yakachoka. Wakaupita mji wa Mai Mahiu, pamoja na maduka yake ya vipuri, nyumba za kulala wageni na foleni ya malori, kisha barabara ikaanza kuinuka.

Hapo ndipo gari lilipokataa. Mshale wa joto ulipanda, mvuke ukatoka chini ya boneti, na sajini akasogea kando ya barabara upesi. Mai Mahiu, kwa lugha ya Kikuyu, maana yake ni maji moto, na siku hiyo jina hilo lilitimia ndani ya rejeta. Utingo wa lori moja lililokuwa limesimama karibu alikuja mbio.

“Usikiguse kifuniko, ndugu yangu,” alisema. “Maji hayo yatakuunguza uso. Liache gari lipoe nusu saa, kisha uongeze maji polepole. Mlima huu hautaki haraka.”

Mzee alibaki amekaa garini, mlango ukiwa wazi. Mama akaanza kumimina chai. Binti, ambaye hakai mahali pamoja, alikuwa ameshatembea hatua kadhaa mbele, mara akapaaza sauti.

“Mama, njoo utazame! Kuna kanisa la watoto!”

NYUMBA NDOGO YA MAWE

Mtoto hakukosea sana kulipa jina hilo. Kando ya barabara, karibu mno na magurudumu ya malori, limesimama kanisa la mawe ambalo udogo wake humshangaza kila alionaye. Juu yake pana msalaba. Ukubwa wake ni wa chumba tu, na waumini kumi na wawili wakiketi ndani, wa kumi na tatu atatafuta nafasi ya kusimama. Hata hivyo halikujengwa ovyo kama kibanda. Mawe yake yamechongwa na kupangwa na mikono iliyojua kazi, na lina heshima yote ya kanisa kubwa, isipokuwa ukubwa wenyewe.

Mtu mmoja wa makamo, aliyekuwa akifagia majani mlangoni, aliwakaribisha kwa upole. Akawaeleza kwamba ni kanisa la Wakatoliki, na kwamba wasafiri wengi hulipita bila kugeuza shingo, wakidhani ni kaburi la tajiri au kibanda cha mlinzi. Akawafungulia mlango. Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya nta. Kulikuwa na mabenchi machache, altare ndogo, na picha za Bikira Maria na malaika ukutani. Kelele za barabarani zilibaki nje, kana kwamba mlango ule mmoja ulikuwa mzito kama kumi.

“Nani aliyelijenga dogo hivi?” mama aliuliza.

“Lilijengwa mwaka 1942, mama,” mtunzaji alijibu. “Lilijengwa na Wataliani, mateka wa vita. Hao ndio waliojenga na barabara hii mnayoipanda. Wazee wetu husema kwamba baadhi yao walikufa katika kazi, kwa ajali na kwa maradhi. Wakajenga mahali pa kusalia hapa hapa walipokuwa wakifanya kazi.”

Sajini alitoka nje kwenda kumwita baba yake, maana Mzee ni mtu wa kanisa na hakosi Misa ya Jumapili. Alimkuta bado yumo garini, kikombe cha chai mkononi.

“Baba, njoo utazame. Ni kanisa la zamani la Wataliani waliotekwa wakati wa vita.”

Mzee aliweka kikombe chini. “Nendeni ninyi,” alisema. “Mimi nitakaa hapa hapa.”

BABA ALIYEFIA UHABESHI

Ili kuelewa neno hilo la Mzee, hapana budi kurudi nyuma hadi siku za vita vya pili vya dunia.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni, 1940. Wakati huo Wataliani walikuwa wameishika nchi ya Uhabeshi, ambayo leo ni Ethiopia, na pia Eritrea na sehemu kubwa ya Somalia. Waliingia Addis Ababa tarehe 5 Mei, 1936, baada ya vita ambavyo ndani yake walitumia gesi ya sumu dhidi ya watu waliojilinda kwa bunduki na mikuki. Mwezi Februari 1937, mjini Addis Ababa, maelfu ya raia waliuawa kwa kisasi baada ya jaribio la kumwua mtawala wa Kitaliani. Hayo ni mambo yaliyoandikwa, na hakuna kanisa, liwe dogo au kubwa, liwezalo kuyafuta.

Katika Julai 1940 majeshi ya Italia yaliteka Moyale, mpakani mwa Kenya. Waingereza walikusanya nguvu zao Afrika Mashariki, na sehemu kubwa ya nguvu hizo ilikuwa ni vijana Waafrika wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Kikosi cha nne cha Keya kilikuwa cha askari wa Uganda. Vingine vilitoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Vijana hao walikuwa na lugha nyingi za nyumbani, na lugha iliyowaunganisha katika gwaride, jikoni na handakini ilikuwa ni Kiswahili. Askari wa leo anayepokea amri kwa Kiswahili anairithi sauti ya Keya, ajue asijue.

Mwanzoni mwa mwaka 1941 majeshi hayo yaliondoka Kenya kuelekea kaskazini, pamoja na askari kutoka Afrika ya Kusini, Nigeria na Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwendo wao ulikuwa wa ajabu. Mogadishu ilitekwa tarehe 25 Februari, Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Mfalme Haile Selassie alirudi katika mji wake mkuu tarehe 5 Mei, 1941, siku ile ile ambayo miaka mitano kabla yake Wataliani waliingia. Mwezi huo huo, mkuu wa majeshi ya Italia, Mtawala wa Aosta, alisalimu amri mlimani Amba Alagi. Ngome ya mwisho, Gondar, ilianguka mwishoni mwa Novemba.

Miongoni mwa vijana wa Uganda walioondoka alikuwako mmoja aliyemwacha mkewe mjamzito. Mtoto alizaliwa wakati baba yupo safarini. Miezi kadhaa baadaye barua ya serikali ilisomwa mbele ya nyumba na mkuu wa gombolola, nayo ilisema kwamba askari huyo amefariki vitani Uhabeshi. Barua haikutaja kaburi. Mtoto huyo ndiye Mzee aliyekaa garini kando ya barabara ya Mai Mahiu, akakataa kutoka. Katika maisha yake yote hakupata kuona picha ya baba yake. Alichokuwa nacho ni jina tu, na simulizi za mama yake aliyekwisha kufa.

Kwa mtu kama huyo, neno “Wataliani” si neno la historia ya darasani.

MAKUMI YA MAELFU YA MATEKA

Ushindi wa 1941 ulileta tatizo ambalo kila jeshi lishindalo hulipata, yaani mateka. Makumi ya maelfu ya Wataliani waliletwa Kenya, wakawekwa katika kambi za Nanyuki, Londiani, Naivasha na kwingineko. Walilindwa na askari, miongoni mwao askari Waafrika. Wengi wa mateka hawa hawakuwa watu wa siasa. Kabla ya kuvaa sare walikuwa waashi, maseremala, wakulima na mafundi wa magari, na sasa walikuwa wamekaa nyuma ya seng'enge, mbali na kwao, wasijue vita vitakwisha lini.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 ulikuwa umekwisha kuweka sheria juu ya watu wa namna hiyo. Mateka wasitendewe ukatili wala matusi. Waweza kufanyishwa kazi, isipokuwa kazi ihusuyo vita moja kwa moja, nao maofisa wasilazimishwe kazi. Na waachwe huru kusali kwa dini yao. Baada ya vita, mwaka 1949, mikataba ya Geneva iliandikwa upya na kuongezwa nguvu, nayo ndiyo ambayo askari wa nchi zetu hufundishwa hadi leo.

Barabara ya Mai Mahiu ni tunda la sheria hizo na la shida za wakati ule. Nairobi ilihitaji njia nzuri ya kushuka Bonde la Ufa, na mateka walikuwako. Wakapasua mwamba, wakajenga kuta za kuzuia ardhi isiporomoke, wakazungusha kona mahali ambapo mbuzi angeteleza. Baada ya vita, kabla ya njia ya juu kujengwa, magari ya kila namna yalitegemea kazi hiyo. Hata leo shehena nyingi itokayo bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo huteremka hapo. Mfuko wa saruji unaonunuliwa Mbale, au bati linaloezeka nyumba ya askari huko Gulu, yawezekana lilipita juu ya mawe yaliyopangwa na mkono wa mateka.

Kanisa lenyewe halikuhitajiwa na serikali, wala halikumpunguzia dereva yeyote mwendo wa safari. Watu waliokuwa na uchovu wa kazi ya kutwa walichukua mawe yale yale ya barabara, wakajenga nyumba ambayo faida yake haipimwi kwa maili. Nao waliowashika wakawaruhusu.

Mtu aliyefungwa hutafuta jambo la kumkumbusha kwamba bado ni mtu. Mwezi Januari 1943, Mtaliani mmoja aitwaye Felice Benuzzi alitoroka kambi ya Nanyuki pamoja na wenzake wawili. Hawakukusudia kurudi kwao, kwa maana wangefikaje? Walikusudia kuupanda Mlima Kenya, ambao walikuwa wakiutazama kila asubuhi juu ya seng'enge. Wawili kati yao walifika katika kilele cha Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari na kupokea adhabu. Hukumu ilikuwa siku 28 za kifungo cha ndani, lakini mkuu wa kambi aliipunguza ikawa siku saba, kwa kuuthamini moyo wao wa michezo. Benuzzi na wenzake walijipatia mlima, na mateka wa Mai Mahiu wakajipatia altare.

Hata Uganda inalo kanisa lililo ndugu wa hili. Huko Nyabyeya, karibu na msitu wa Budongo katika Masindi, wakimbizi wa Kipoland waliokimbia vita hiyo hiyo walijenga kanisa lao kati ya mwaka 1943 na 1945. Wao hawakuwa mateka, walikuwa wageni waliopewa hifadhi, wengi wao wanawake na watoto. Wapoland waliondoka zamani, na kanisa linatumiwa na wenyeji hadi leo.

MZEE ANAINGIA

Nusu saa ya utingo ilipokwisha, gari lilikuwa limepoa. Sajini aliongeza maji polepole kama alivyoagizwa. Alipogeuka aone kama watu wote wamo, alikuta kiti cha baba yake ki wazi.

Mzee alikuwa ameteremka mwenyewe, na sasa alikuwa amesimama mbele ya kanisa, mkono mmoja juu ya fimbo na mwingine juu ya mawe ya ukuta. Alikuwa akiyapapasa taratibu, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa mwashi kabla ya uzee, na alizijenga nyumba nyingi kwa mikono yake.

“Kazi safi,” alisema hatimaye. “Huyu aliyepanga mawe haya hakuwa akisimamiwa kwa kiboko. Mtu akisimamiwa kwa kiboko, pembe hazikai hivi.”

Mtunzaji hakujibu. Alifungua mlango tena, akajitenga kando kwa heshima. Mzee aliingia peke yake, akaketi katika benchi la mwisho. Mama watoto aliwashika watoto mikono wasimfuate. Malori yalipita, moja baada ya jingine, yakiunguruma kwa gia ndogo. Alipotoka, macho yake yalikuwa makavu lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Nilikuwa nikijiuliza,” alimwambia mwanawe, “kama baba angefurahi kuniona nimeketi humo. Wao walipata kanisa. Walipata mtu wa kufagia mlangoni pao miaka yote hii. Baba alipata barua.”

Sajini hakuwa na neno la kusema. Ni mkewe aliyejibu, kwa unyenyekevu, kama inavyompasa mke wa mwana mbele ya baba mkwe.

“Baba, kama babu yetu hangewashinda, hao wasingekuja hapa kujenga. Wangebaki huko kwa bunduki zao.”

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

“Umesema kweli, mwanangu. Baba hakwenda ili wao wauawe. Alikwenda ili waache kupigana. Basi hawa ndio walioacha.”

Maneno hayo machache yanafaa kupimwa na kila avaaye sare. Watu wengi hudhani kwamba ushindi hukamilika adui anapoinua mikono. La hasha. Hapo ndipo mtihani wa pili unapoanza, ambao hauna tarumbeta wala medali. Adui aliyeweka silaha chini ni mtu asiyeweza kukudhuru, na kila mwenye bunduki anaweza kumfanyia atakalo. Akimwua au kumtesa, atabaki na maiti au na chuki. Akimtunza kwa sheria, huenda akabaki na barabara. Polisi naye anao mtihani huo huo kila usiku, anapofunga mlango wa mahabusu na kubaki peke yake na mtu aliyetiwa pingu.

Hakuna anayesema kwamba kambi za mateka zilikuwa pepo. Wengi walikufa humo kwa maradhi na ajali. Mtawala wa Aosta mwenyewe alifia Nairobi tarehe 3 Machi, 1942, akiwa mateka, akazikwa Kenya pamoja na askari wake. Huko Nyeri Wataliani walijenga kanisa kubwa la ukumbusho, lililokamilika mwaka 1952, na ndani yake imehifadhiwa mifupa ya mateka wao zaidi ya 600. Taifa lililoshindwa liliwakusanya watu wake mmoja mmoja, likaandika majina yao ukutani. Hilo nalo ni funzo, na ndilo lililomuuma Mzee.

JINA KATIKA UKUTA

Mtunzaji wa kanisa alikuwa amesikiliza yote. Kabla hawajaagana, alimwuliza Mzee kama amewahi kufika katika makaburi ya vita ya Nairobi, yaliyoko kando ya barabara ya Ngong. Mzee akasema hajawahi, na hata hajui kama yapo.

“Yapo,” mtunzaji alisema. “Na humo mna ukumbusho wa askari wa Afrika Mashariki ambao makaburi yao hayajulikani. Wale waliofia kule kaskazini, Somalia na Uhabeshi, majina yao yamechongwa humo. Na wale waliozama baharini pia.”

Mtunzaji alisema kweli. Ukumbusho wa Afrika Mashariki huwakumbuka askari waliokufa katika vita vya Somalia na Ethiopia bila ya kuwa na kaburi linalojulikana, na pia waliopotea katika meli iitwayo Khedive Ismail. Meli hiyo iliondoka Mombasa Februari 1944 ikiwachukua askari kwenda Asia, ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 ya mwezi huo huo. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Ni watalii wachache wanaofika hapo, na ni jamaa wachache zaidi, kwa sababu jamaa wengi hawakuambiwa kamwe kwamba mahali kama hapo papo.

Mai Mahiu nako kunajua maana ya msiba. Tarehe 29 Aprili, 2024, usiku wa mvua kubwa, maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli yalipasua njia na kukisomba kijiji cha Kamuchiri, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Labda ndiyo maana mtu wa Mai Mahiu husikia upesi mtu anapozungumza juu ya maiti wasioonekana.

Mama watoto alimwachia mtunzaji chapati mbili na yai. Binti alitia sarafu katika sanduku la sadaka. Gari liliwaka bila ukaidi, likaukwea ukingo wa bonde polepole nyuma ya lori la saruji, na kwa mara ya kwanza tangu Malaba hakuna aliyelalamika kwamba lori linachelewesha safari. Mvulana alikuwa akizihesabu kuta za mawe zilizozuia mlima, na kila alipouona mmoja alisema, “Ule, Babu!”

Asubuhi iliyofuata hawakuanza safari ya Mombasa mapema kama walivyopanga. Walikwenda kwanza barabara ya Ngong. Majani yalikuwa yamekatwa vizuri, na makaburi yalipangwa kwa safu kama gwaride. Macho ya Mzee hayakuweza kuyasoma maandishi madogo, kwa hiyo binti ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta. Alianza juu, akashuka kwa kidole, jina kwa jina, akiyasoma yote kwa sauti kwa kuwa hakujua ni lipi atakalosimamishiwa. Alisoma majina ya Waganda, ya Waacholi, ya Wakamba, ya Wanyamwezi, ya Wayao. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa.

Kisha mtoto akasoma jina moja, na babu yake akainua mkono.

Herufi moja ilikuwa imekosewa, kama yalivyokosewa majina mengi ya Waafrika yaliyoandikwa na makarani wa kigeni. Lakini ukoo ulikuwa ule, na kikosi kilikuwa kile cha nne. Mzee alivua kofia. Akaweka kiganja chake juu ya jina, kama alivyokiweka jana yake juu ya mawe ya Mai Mahiu, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko alivyokaa kanisani.

“Basi,” alisema. “Sasa twendeni tukaione hiyo bahari.”

Kanisa la Mai Mahiu lipo bado kando ya barabara, na mlango wake hauwi mbali na gari lililochoka. Msomaji apitaye huko na apunguze mwendo. Kama anaye jamaa aliyekwenda na Keya asirudi, baada ya kulitazama kanisa la mateka asiache kupita na barabara ya Ngong, naye achukue mtoto wa kumsomea.